Kura 44 za Croydon: karani hakugonga alama, diwani akapoteza kiti

Tarehe 12 Aprili 1973 wakazi wa London walipiga kura kuchagua wajumbe wa Baraza la London Kuu, chombo kilichosimamia jiji zima mpaka kilipovunjwa mwaka 1986. Viti vilikuwa 92. Labour walizoa 58, Conservative 32, Liberal wakaambulia viwili. Katika jimbo la Croydon North East, kusini mwa jiji, alitangazwa mshindi mgombea aitwaye Simpson. Kura zilizopigwa zilikuwa 23,691, na aliyemfuata aliachwa kwa kura 11 tu.

Kwa habari ya nani anaongoza London, kiti hicho hakikuwa na uzito. Labour wangelishika baraza kiwe chao kisiwe chao. Lakini shauri lililofunguliwa kupinga matokeo yake, Morgan dhidi ya Simpson, limesafiri kuliko mashauri mengi makubwa ya nchi ile. Limesomwa Kampala mwaka 2001 katika kesi ya Besigye na Museveni. Limesomwa Nairobi Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoeleza kwa nini imefuta uchaguzi wa rais. Wakili yeyote wa kesi za uchaguzi Afrika Mashariki analo kwenye jalada lake, hata kama jimbo la Croydon hawezi kulionyesha kwenye ramani.

Nionavyo mimi, wengi wanaolinukuu hunukuu sehemu ambayo haikuamua kesi. Uchaguzi wa Croydon haukuanguka kwa sababu uliendeshwa vibaya. Majaji walikubali kwamba uliendeshwa vizuri. Ulianguka kwa hesabu ya kujumlisha na kutoa, na kwa mgombea udiwani hesabu hiyo ina faida kubwa kuliko hotuba yote kuhusu uchaguzi huru na wa haki.

Kilichotokea vituoni

Uingereza ilianza kura ya siri mwaka 1872. Kabla ya hapo mtu alisimama mbele za watu akamtaja anayemtaka, mwenye nyumba wake akisikia na mwajiri wake akisikia. Sheria ya 1872 ilileta karatasi, na karatasi ikaleta hofu mpya: je, mtu akichapa za kwake nje na kuja nazo mfukoni? Dawa ikawa alama rasmi. Kila kituo kilipewa kifaa cha mkono cha kutia alama kwenye karatasi. Karani anachana karatasi kitabuni, anaiweka kwenye kifaa, anabana, anaandika namba ya mpiga kura kwenye kishina, halafu anamkabidhi mwenyewe aende kwenye kibanda. Alama haitiwi mapema, inatiwa pale pale mpiga kura akiwa amesimama mezani, ili karatasi zisivuje.

Utaratibu ni mzuri hadi hapo unapoanza kuutegemea mkono wa mtu aliyeketi pale tangu asubuhi. Sheria ilitaka pia mpiga kura amwonyeshe msimamizi wa kituo mgongo wa karatasi kabla ya kuitumbukiza, alama ionekane. Hivyo kulikuwa na jicho la pili. Lakini mpiga kura wa kawaida hajui alama hiyo ikoje wala iko wapi. Amepewa karatasi na mtu wa serikali, ndani ya kituo cha serikali. Atashuku nini?

Usiku wa kuhesabu, karatasi 82 ziliwekwa kando kuwa hazifai. Nyingine zilikuwa na kasoro za kawaida ambazo kila aliyewahi kuwa wakala anazijua. Lakini 44 zilikuwa na kasoro moja tu: hazikuwa na alama rasmi. Makarani wa vituo mbalimbali walisahau kuitia. Hakuna aliyedai ni za kughushi, na aliyezipiga alikuwa mpiga kura halali aliyejipanga foleni akafanya yote aliyotakiwa kufanya. Msimamizi wa uchaguzi naye hakuwa na hiari. Kanuni ilisema karatasi isiyo na alama ni batili na haihesabiwi. Akazitenga, akahesabu zilizobaki, akamtangaza Simpson.

Hesabu ya karatasi zile ndiyo iliyoleta mgogoro. Zingehesabiwa, uongozi wa Simpson wa kura 11 ungetoweka na mpinzani wake angeshinda kwa kura 7. Yaani ndani ya karatasi 44 mpinzani alimzidi Simpson kwa 18. Tukichukulia kwamba zote zilikuwa za hao wawili, ni kama 31 kwa 13. Hapo hapakuhitajika shahidi wa kueleza alivyoona gari limepakia masanduku saa nane za usiku. Karatasi zilikuwepo, alama ya kila mpiga kura ilisomeka, na kila mtu angeweza kuzihesabu.

Jambo jingine: Simpson hakushtakiwa kwa lolote. Hakuhonga wala hakutisha watu. Kesi nyingi za kupinga udiwani kwetu huandikwa kama hati ya mashtaka dhidi ya mshindi, na mlalamikaji anajikuta amebeba mzigo wa kuthibitisha jinai ambayo hakuhitaji kuitaja. Walalamikaji wa Croydon hawakujitwisha mzigo huo.

Kifungu kilichokuwa mezani

Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi ya mwaka 1949, kifungu cha 37(1), ilihusu hasa chaguzi za serikali za mitaa. Kiini chake: uchaguzi hautatangazwa kuwa batili kwa sababu ya kosa la msimamizi au mtumishi mwingine wa uchaguzi ikiwa mahakama itaona kwamba uchaguzi uliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa mujibu wa sheria, na kwamba kosa hilo halikuathiri matokeo.

Kifungu hicho kinaanza kwa kukataza. Hakimwambii jaji ni lini afute uchaguzi. Kinamwambia ni lini asiufute. Sasa jaji afanye nini mambo hayo mawili yanapogawanyika? Hapa uchaguzi kwa jumla ulikuwa safi, lakini kosa liliathiri matokeo. Sheria iko kimya, au inaonekana iko kimya.

Mahakama Kuu ililitupa shauri. Wengi hupita haraka sehemu hii kana kwamba majaji wale hawakuelewa kazi yao, na si haki. Karatasi 44 katika 23,691 hazifiki hata mbili katika kila elfu moja. Walikuwa pia na kesi ya zamani mkononi, Woodward dhidi ya Sarsons ya mwaka 1875, nayo ya udiwani, kutoka Birmingham. Kule msimamizi wa kituo kimoja, kwa kutoelewa sheria iliyokuwa mpya kabisa, aliandika namba ya mpiga kura kwenye uso wa kila karatasi. Siri ikavunjika, karatasi za kituo kizima zikawa batili. Uchaguzi haukufutwa, kwa kuwa hata bila karatasi hizo mshindi alibaki mshindi. Katika hukumu hiyo Lord Coleridge alisema maneno mazito kuhusu lini uchaguzi uhesabiwe si uchaguzi kabisa: pale ambapo kwa kweli watu hawakuchagua, au uchaguzi haukuendeshwa chini ya sheria zilizopo. Ukikipima kisa cha Croydon kwa kipimo hicho, hakifiki hata nusu ya njia. Watu walichagua, na sheria ilifuatwa karibu kila mahali.

Kasoro ya hoja ya Mahakama Kuu ni kwamba ilijibu swali la kwanza ikadhani imejibu na la pili.

Denning anakigeuza kifungu

Rufaa ilisikilizwa mwaka 1974 na majaji watatu: Lord Denning, Stephenson na Lawton. Denning alikuwa na kipaji cha kuchukua kifungu kilichopinda na kukiandika upya kama maelekezo ya njia. Alikisoma cha 37(1) kwa upande wa pili. Kama sharti la kuuokoa uchaguzi ni mambo mawili kwa pamoja, basi likikosekana moja, uokozi haupo. Kutoka hapo akatoa kanuni tatu.

Ya kwanza: uchaguzi ulioendeshwa vibaya kiasi cha kutofuata sheria kwa kiwango kikubwa unafutwa, matokeo yawe yameathirika au la. Mfano wake ni Hackney mwaka 1874, ambako vituo 2 kati ya 19 vilifungwa siku nzima na watu wapatao 5,000 hawakuweza kupiga kura. Usiulize wangempa nani.

Ya pili: uchaguzi uliofuata sheria kwa kiwango kikubwa haufutwi kwa kosa la kituoni ambalo halikuathiri matokeo. Mfano ni Islington mwaka 1901, ambako karatasi 14 zilitolewa baada ya saa mbili usiku, muda ukiwa umekwisha.

Ya tatu: hata kama uchaguzi ulifuata sheria kwa kiwango kikubwa, kukiwa na kosa na kosa hilo likaathiri matokeo, unafutwa. Mfano ulikuwa wa karibuni, Gunn dhidi ya Sharpe, ambako karatasi 102 hazikugongwa alama na hesabu ikabadilika.

Croydon iliangukia kanuni ya tatu. Uchaguzi ukafutwa.

Stephenson naye aliandika sentensi ambayo imenukuliwa mno: ili uchaguzi uonekane haukufuata sheria kwa kiwango kikubwa, lazima mwenendo wake uwe umetoka nje ya utaratibu wa Bunge kiasi cha kumfanya mtu wa kawaida auone kuwa ni kiini macho, dhihaka ya kura ya siri. Sentensi tamu, na mawakili wa walalamikaji wanaipenda. Lakini inahusu kanuni ya kwanza. Hakuna aliyesema Croydon ilikuwa dhihaka. Ukiipeleka sentensi hiyo mahakamani katika kesi ya kata ambako umeshindwa kwa kura tisa, umejitwisha kazi ya kuthibitisha dhihaka wakati ulichohitaji ni karatasi kumi.

Umuhimu wa kura 11

Tuligeuze jambo. Makarani wale wale, siku ile ile, wasahau kugonga karatasi zile zile 44, ila Simpson awe ameshinda kwa kura 300. Hakuna kesi. Kosa ni lile lile na uzembe ni ule ule. Uhalali wa uchaguzi unategemea basi ushindani ulikuwa mkali kiasi gani, jambo ambalo karani hana uwezo nalo.

Wapo wanaoona hii ni kasoro ya sheria: kwamba inampa thawabu mtumishi mzembe katika ngome ya chama kimoja na kumwadhibu mwenzake katika jimbo lenye ushindani. Mimi nadhani Denning alikuwa sahihi. Shauri la uchaguzi si la kumwadhibu karani. Za kumwadhibu zipo taratibu nyingine. Swali la shauri la uchaguzi ni moja: tunajua nani alichaguliwa, au hatujui? Kosa likizidi tofauti ya kura, hatujui. Kosa likiwa dogo kuliko tofauti, tunajua, ingawa tumeudhika.

Hii ndiyo sababu kisa hiki ni cha udiwani hasa. Katika uchaguzi wa rais tofauti huwa mamia ya maelfu, na kosa la karani mmoja au hata mia moja halifiki. Katika kata, tofauti ya kura chache ni jambo la kila mwaka wa uchaguzi. Kituo kimoja kikikosea, kata nzima imetetereka. Kanuni ya tatu ni silaha ya mgombea mdogo.

Mahakama isivyoweza kufanya

Mtu atauliza: kama karatasi zilikuwepo na alama ya mpiga kura inasomeka, kwa nini majaji hawakuzihesabu wakampa kiti aliyeshinda kwa kura 7? Kwa sababu kanuni ya alama rasmi ilibaki palepale. Karatasi isiyo na alama ni batili kwa msimamizi wa uchaguzi, na ni batili kwa jaji pia. Mahakama iliweza kusema kosa la kutozigonga limeathiri matokeo. Haikuweza kuzigeuza kuwa kura.

Hivyo wapiga kura 44 hawakurudishiwa kura zao. Walichopata, pamoja na wenzao wote wa jimbo, ni nafasi ya kurudi foleni zaidi ya mwaka mmoja baadaye, hali ya siasa imeshageuka, wengine wameshahama. Na aliyekuwa mbele kwa kura 7 kwa mujibu wa karatasi hakupewa chochote zaidi ya ruhusa ya kugombea tena. Ukimweleza mteja ukweli huu kabla hajauza kiwanja kulipia kesi, umemtendea haki.

Kenya ilijaribu kupunguza tatizo hili. Sheria yake ya Uchaguzi ya 2011, kifungu cha 80(4), inaruhusu mahakama kuiagiza tume impe cheti mgombea ambaye kuhesabu upya kumeonyesha wazi kuwa ndiye mshindi, ilimradi hakupatikana na kosa la uchaguzi. Inafaa sana pale ambapo kosa lilikuwa la kujumlisha: tarakimu za kituo ziliandikwa 78 zikanakiliwa 18 kwenye fomu ya kata. Kwa karatasi ambazo kanuni yenyewe imezikataa, haifai kitu.

Uingereza yenyewe ilichukua zaidi ya miaka thelathini kukata mzizi. Sheria ya Usimamizi wa Uchaguzi ya 2006 ilifungua njia kwa karatasi kuja na alama ya usalama iliyochapwa tayari, na karani akaondolewa kifaa mkononi.

Safari ya kwenda Nairobi

Kifungu cha 83 cha sheria ya Kenya, kama kilivyokuwa mwaka 2017, kilisema uchaguzi hautabatilishwa kwa kutofuata sheria ikiwa uliendeshwa kwa kufuata misingi ya Katiba na sheria husika, au ikiwa kutofuata huko hakukuathiri matokeo. Ni mtoto wa kifungu cha Uingereza, ila amebadilishwa kiungo kimoja: mahali pa "na" pamekaa "au".

Ukikisoma kwa herufi, "au" ingemwokoa mshindi kirahisi zaidi, maana sharti moja likitimia linatosha. Majaji wanne wa wengi, Maraga, Mwilu, Wanjala na Lenaola, hawakukisoma hivyo. Walisema sehemu mbili za kifungu zisimame mbalimbali: mlalamikaji akithibitisha kwamba misingi ilivunjwa, au akithibitisha kwamba matokeo yaliathirika, moja linamtosha. Na hapo ndipo walipomwita Denning kuwa shahidi. Majaji Ojwang na Njoki Ndung'u walipinga uamuzi.

Ulinganisho wa kesi hizi mbili unavutia. Croydon mwenendo ulikuwa sawa, hesabu ikabadilika. Kenya 2017 hesabu haikuonyeshwa kubadilika, tofauti ikiwa zaidi ya kura milioni 1.4, lakini mwenendo ulishindwa: matokeo hayakupitishwa kama sheria inavyotaka, fomu nyingine zilikosa alama za usalama, na tume ikakataa kufungua seva zake zikaguliwe kama mahakama ilivyoagiza. Croydon ilianguka kwa kanuni ya tatu, Kenya kwa ya kwanza. Chanzo ni kimoja, matumizi yanapingana karibu kabisa, na yote mawili ni halali.

Bunge halikufurahi. Oktoba 2017, marudio ya uchaguzi yakikaribia, lilipitisha marekebisho ya kifungu cha 83. "Au" ikaondolewa, "na" ikawekwa, na sharti la matokeo likaongezewa uzito: kosa liwe limeyaathiri kwa kiasi kikubwa. Nia ilikuwa mlalamikaji athibitishe yote mawili. Ila mtunzi wa marekebisho alikiacha kifungu katika umbo la kukataza, kwa hiyo kwa mantiki tupu alirudisha neno lile lile la Uingereza ambalo Denning alilitumia kufuta uchaguzi. Hatujapata nafasi ya kuona mahakama ikilitatua hilo, maana Aprili 2018 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitangaza marekebisho hayo kuwa kinyume cha Katiba.

Tanzania imesimama mahali pengine. Sheria ya uchaguzi wa wabunge, Sura ya 343, iliyotumika kwa miongo mpaka ikaja sheria mpya ya Rais, Wabunge na Madiwani mwaka 2024, haikukataza kama ya Uingereza, iliruhusu. Ilisema uchaguzi utatenguliwa kwa kutofuata sheria ikionekana kwamba haukuendeshwa kwa misingi ya sheria na kwamba kutofuata huko kuliathiri matokeo. "Na" hiyo imekaa upande wa mlalamikaji. Anayo mawili ya kuthibitisha, wala si moja. Walalamikaji wa Croydon wangepelekwa mbele ya kifungu cha namna hiyo, wangeshinda nusu ya pili na kupata shida kwenye ya kwanza, kwa sababu mahakama ilikubali uchaguzi wao ulifuata sheria kwa kiwango kikubwa. Wakili anayemnukuu Denning mbele ya hakimu wa Tanzania bila kueleza tofauti hii anajiwekea mtego mwenyewe.

Bahati ni kwamba tunayo hukumu yetu iliyotangulia ya Croydon kwa miaka saba. Katika Mbowe dhidi ya Eliufoo, 1967, Jaji Mkuu Georges alieleza nini maana ya matokeo kuathirika, na maelezo yake ni mapana kuliko ya London. Kwake si lazima mshindi abadilike. Matokeo yanaweza kusemwa yameathirika iwapo, baada ya kuondoa athari ya dosari zilizothibitishwa, ushindani unaonekana ulikuwa wa karibu zaidi kuliko ilivyotangazwa. Lakini ushindi ukiwa mkubwa kiasi kwamba hata ukipunguzwa sana mshindi anabaki mbali mbele, hoja imekwisha. Hata hivyo kesi hiyo hiyo iliweka kiwango kizito cha ushahidi, kama cha jinai: kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana. Kenya, tangu 2013, imeshuka kidogo hapo: juu ya kiwango cha madai, chini ya cha jinai. Mlalamikaji wa Dodoma na wa Kisumu wanaweza kuwa na dosari moja na wakapata majibu mawili.

Kwa mgombea wa kata

Kenya kesi ya mjumbe wa bunge la kaunti husikilizwa na hakimu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Ifunguliwe ndani ya siku 28, dhamana ya gharama ni shilingi 100,000, iamuliwe ndani ya miezi sita, na rufaa kwenda Mahakama Kuu ni kwa hoja za sheria peke yake. Maana yake ukweli wa mambo unasikilizwa mara moja, mbele ya hakimu, basi. Takwimu isiyoingia pale haitaingia popote.

Kwa hiyo hati ya shauri ianze na tofauti ya kura. Nimesoma hati zinazoanza na aya ishirini za vitisho na mabango yaliyochanwa, na tofauti ya kura saba inatokea ukurasa wa kumi na moja kama jambo la kupita. Iwekwe juu. Kisha zifuate kura zinazobishaniwa, kituo kwa kituo, kwa kutumia fomu za matokeo ambazo wakala alipewa nakala. Kura zilizobishaniwa zikizidi tofauti, hakimu ameshaona kesi. Zisipozidi, bora mteja aelezwe mapema.

Ila hesabu hiyo huandaliwa kituoni usiku wa kuhesabu, na anayeiandaa ni wakala, mara nyingi kijana aliyeahidiwa nauli na chakula. Afungue macho asubuhi, atazame karatasi mbili tatu za mwanzo kama zina alama au muhuri unaotakiwa, na zikikosa aseme pale pale kabla hazijawa arobaini. Usiku, karatasi inapokataliwa naye haridhiki, apinge kwa sauti. Kanuni za Uingereza na za Kenya zinampa haki hiyo: msimamizi anapaswa kuandika kwenye karatasi kwamba kukataliwa kwake kumepingwa. Asipopinga, karatasi inaingia kwenye fungu la zilizokataliwa bila maandishi hayo, na wakili anayepewa kesi wiki tatu baadaye anaanza kwa kuomba masanduku yafunguliwe, ombi ambalo hakimu halikubali mpaka aonyeshwe ni kituo gani na kwa sababu gani.